Nauli ya Mgeni Pale Kisorya

Mmeniuliza kwenye mashine ya kusaga, mmeniuliza nje ya kanisa, na Mama Lohay akanifuata hadi shambani nikipalilia maharage, akashika mpini wa jembe langu nisiendelee mpaka nimjibu. Swali la wote ni moja: ulikwenda Ukerewe kumleta Theresia, mbona umerudi peke yako? Nikianza kumjibu kila mtu kwa mdomo nitamaliza msimu sijapalilia. Nimeona niandike. Atakayesoma amsomee na jirani yake.

Theresia mnamjua, wengine mmemfundisha Jumapili. Alipotoka chuo cha ualimu serikali ilimpeleka Ukerewe, na huko akampata Mwalimu Magesa. Harusi mliila wenyewe hapa Karatu. Upande wa bwana harusi walikuja wajomba tu, mama yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mimi na mkwe wangu huyo hatukuwa tumeonana. Sasa Theresia alikuwa na mimba ya kwanza. Mimi na Paskali tulikubaliana niende nikamsaidie kujifungua, halafu arobaini ikiisha nirudi naye na mtoto. Paskali alishaongea na watu wa elimu, akaambiwa shule yetu haina walimu wa kutosha. Na mume wake? Mume wake angefuata. Ndivyo tulivyopanga, kama vile Magesa ni begi la kutumwa na basi linalofuata.

Karatu mpaka ukingoni

Basi la Musoma hutoka Arusha, na tangu mpaka wa Kenya ufungwe watu wote wa ziwani waliokuwa wakizungukia Nairobi wanapita huku kwetu. Likifika Karatu limeshajaa. Nilisimama kituoni tangu alfajiri na Paskali, ukungu umetufunika, mpaka akavua koti lake akanivika. Nilibeba kibuyu cha samli ya mzazi, mfuko wa maharage ya ngwara makavu na unga wa ngano.

Basi lilipofika, konda alikiona kibuyu akanyoosha mkono.

"Mama, hicho juu."

"Juu hakiendi. Jua likikipiga, samli itamwagikia magodoro ya watu."

"Basi shuka nacho."

"Nishuke vipi na sijapanda?"

Watu ndani walicheka, na dereva akasema, "Mwache mama apakate mtoto wake." Nikakipakata kweli, toka Karatu mpaka Bunda.

Getini Lodoare, pa kuingilia Ngorongoro, tulikaa muda mrefu. Dereva na askari walikuwa na jambo lao ambalo abiria hatukuambiwa. Tulishuka, tukanyoosha miguu, nikala viazi vyangu vya kuchemsha. Kule juu ukingoni mwa kreta hoteli zilikuwa kimya, watalii wamepungua, na hapo akapanda mzee wa Kimaasai aliyevaa viatu vya matairi, akakaa pembeni yangu.

"Yeyo, takwenya," akanisalimia Kimaasai, akiniita mama.

"Iko," nikaitikia. Babu zetu walinyang'anyana ng'ombe, lakini salamu zao tunazijua.

Alikuwa anarudi kwao Piyaya. Alikuja kutafuta dawa ya kupe na sukari. Dawa alipata, sukari hakuna. Nikamwuliza anashuka wapi. Akasema njia panda ya Olduvai, halafu miguu. Analala kwa rafiki, kesho yake jua likishuka anafika.

"Hakuna gari huko kwenu?"

"Lipo. Lori. Lilikuja baada ya mvua."

"Mvua hii iliyopita?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mvua ya mwaka juzi, yeyo."

Alidhani kibuyu changu kina maziwa, akaniuliza ni ya mtoto yupi. Nikamwambia ni samli, na mtoto mwenyewe bado hajazaliwa. Aliposimama kushuka alivua uzi mmoja wa shanga mkononi mwake, akaniwekea kiganjani. "Akizaliwa, mfunge," akasema. Nilimtazama kwa dirisha akiondoka na fimbo yake begani, pale ambapo mimi sikuona njia yoyote.

Nyikani

Serengeti tulipata pancha katikati ya nyumbu. Dereva alisema mtu asitoke nje ya kivuli cha basi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mwanamume. Sisi wanawake tuliotoka na haja tangu Ngorongoro tulishikana kanga tukafanya ukuta, tukapokezana, na nyumbu wakatutazama kama watu waliolipa kiingilio. Wanaume wakawa wanashughulika sana na jeki, hakuna aliyeinua kichwa. Huo ndio ustaarabu niliouona safari nzima.

Tairi la akiba nalo lilikuwa limechoka, hivyo tulikwenda polepole kama msafara wa maziko. Bunda tuliingia jua linazama. Nikalala nyumba ya wageni yenye kunguni wachache na mwenye nyumba mkarimu, aliyenipa chai isiyo na sukari na kuniomba radhi kwa ajili ya nchi nzima.

Bunda mpaka Kisorya

Asubuhi nilipata lori, nikapandishwa juu ya magunia pamoja na wenzangu. Tulipita Kibara, na mbele kidogo nikaona weupe umelala chini ya anga, mpana, hauishi. Mnajua ukungu unavyolala ndani ya kreta asubuhi. Nikamwuliza kijana aliyekaa karibu nami, "Ukungu huu huondoka saa ngapi?"

"Upi, mama?"

"Ule pale."

Akaniangalia aone kama namtania. "Mama, lile ni ziwa."

Nikajifunika koti la Paskali kichwani hadi Kisorya.

Pale ndipo barabara inapokwisha. Inaingia majini, na ng'ambo unaiona ikitoka tena upande wa Rugezi, kana kwamba imepiga mbizi. Katikati panapita pantoni ya serikali. Siku hiyo pantoni ilikuwa imefungwa ufukweni, haiendi. Dizeli imekwisha, na nyingine ilikuwa haijaletwa. Watu walikuwa wamekaa kila mahali: wenye baiskeli, wenye magunia ya dagaa, mama mmoja na mgonjwa wake kwenye machela. Binti yangu yuko ng'ambo, tumbo limeshafika chini, nami nimekaa naangalia maji.

Nikaenda kusoma ubao wa nauli ukutani, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma. Nauli zilikuwa mbili. Mwenyeji wa kisiwani analipa kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa inachangiwa na serikali. Mgeni analipa nauli kamili. Nilichoka, nilikuwa na njaa, na nilikuwa na wasiwasi wa mtoto. Nikasema kwa sauti, bila kumlenga mtu:

"Hii ni haki gani? Chombo kimoja, benchi moja, mmoja alipe kidogo na mwingine aumie?"

Mama mmoja mwenye kanga ya kijani, aliyekalia kapu lililopinduliwa, akanijibu. "Wewe unapita mara moja. Sisi hii ndiyo barabara yetu."

"Na mimi barabara yangu naipanda kwa basi, na mwenye basi hajaniuliza naishi wapi."

"Basi ni la mtu. Hii ni ya serikali."

"Na serikali ni ya nani? Siyo ya mkulima wa Karatu pia? Ngano yetu inaliwa nchi nzima!"

Akanitazama vizuri, juu mpaka chini, kwenye koti la Paskali na kwenye kibuyu. "Umetoka Karatu?"

"Karatu," nikasema. Na kwa kuwa watu walishaanza kusogea kusikiliza, nikaendelea. Nikawaeleza habari ya mzee wa Piyaya na lori la mwaka juzi. Nikawaambia kuna ndugu zetu Samunge ambao mgonjwa wao hubebwa mlimani kwa zamu, na hakuna serikali inayowachangia hata kamba ya machela.

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea Landrova akaja karibu. Alijitambulisha kwa adabu: anaitwa Ndugu Mwambene, ametumwa na wizara kusikiliza maoni ya wananchi, kwa sababu kuna wazo la kuondoa ile nauli ya chini na kupunguza safari za pantoni. "Endelea, mama," akasema. "Hayo ndiyo ninayoyatafuta."

Mtu akiambiwa hivyo mbele za watu huwa hajui pa kusimama. Nikasema watu wa visiwani wanabebwa mgongoni kama watoto wachanga.

"Na wewe unakwenda kufanya nini huko kwa watoto wachanga?" aliuliza yule mama wa kanga ya kijani.

"Namfuata binti yangu. Ameolewa huko. Akijifungua narudi naye kwao, penye barabara ya kukanyaga."

Nilitegemea anijibu. Alisimama akaenda kwa wauza samaki, akarudi na sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, akaweka sahani katikati yetu.

"Kula, mwenzangu," akasema. "Ukishiba utagomba vizuri zaidi."

Nilikula. Ugali ule unavutika, sikuujua, nikadhani haujaiva, nikamshauri muuzaji aurudishe motoni. Walinicheka mpaka na yule mgonjwa wa machela akacheka. Jioni mama yule alinichukua tukalala kwa jamaa yake pale Kisorya. Hatukuulizana majina. Tuliongea habari za samadi na viwavi wa mahindi, na niliona ni mtu anayejua kulima.

Kuvuka

Kesho yake dizeli haikuja. Mgonjwa wa machela alikuwa ameanza kukoroma vibaya. Mama wa kanga ya kijani alimwangalia, kisha akaenda moja kwa moja kwa yule afisa, nami nikamfuata.

"Ndugu afisa, habari ya kazi. Lile pipa nyuma ya gari lako lina nini?"

"Dizeli, mama. Ya ziara yangu huko kisiwani."

"Kisiwani utafikaje?"

"Kwa pantoni."

"Na pantoni imekosa nini?"

Ndugu Mwambene alitazama pipa, akatazama pantoni. Watu walijizuia kucheka kwa heshima.

"Mama, mafuta haya nimekabidhiwa kwa kazi maalumu. Siwezi kuyagawa."

"Sijasema uyagawe. Nimesema yavuke na wewe, ila yapitie kwenye injini."

Hapo mwenyewe akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamwendea yule mgonjwa, akamgusa paji la uso. Akamwita nahodha. Waliongea kidogo, wakapeana mikono, na pipa likashushwa. Nilimpenda mtu yule kuanzia hapo, na bado nampenda.

Injini ilipowaka kelele zilikuwa nyingi. Nilipofika kwa mkata tiketi akaniuliza kitu, nikasikia, "Wa kisimani?"

"Kisima chetu kilikauka," nikamwambia. "Siku hizi tunachota bombani."

"Nini?"

"Kilikauka!"

"Nauliza, mama, wewe ni wa kisiwani?"

Foleni nzima ilipasuka. Nikalipa nauli ya mgeni kwa haraka kuliko nilivyowahi kulipa kitu chochote. Nyuma yangu Ndugu Mwambene naye alilipa ya mgeni.

Maji yalipoanza kutembea chini yangu nilifumba macho. Sikuwahi kusimama juu ya kitu kisicho na ardhi. Mkono mmoja ulikishika kibuyu, na mwingine, nilipokuja kuangalia, ulikuwa umeng'ang'ania kanga ya kijani.

"Ukifika utafuatwa na nani?" mwenye kanga akaniuliza, nadhani ili nisahau woga.

"Waliniambia nitapokelewa hapo Kisorya, sijamwona mtu. Binti yangu ni mwalimu. Mwalimu Theresia, mke wa Mwalimu Magesa."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuja kukupokea. Mimi ndiye mama yake Magesa."

Nilifumbua macho. Heri ningeyaacha yamefumbwa.

"Umenijua lini?"

"Jana. Uliposema Karatu. Theresia aliniambia nitafute mama mwenye shuka la bluu, hakuniambia habari ya koti la kiume."

"Na hukusema! Umeniacha niseme yote yale!"

"Ningesema, ungeacha kuyasema," akanijibu. "Nilitaka kujua umekuja na moyo gani. Sasa nimejua."

Hakusema kwa hasira. Alinishika kiwiko, akanikalisha kwenye gunia, akakaa karibu nami. Nawaambia ukweli, wenzangu, maji hayakunitisha tena. Nilikuwa na kikubwa zaidi cha kuogopa.

Nyumbani kwa Theresia

Nilidhani atamwambia mwanawe na mke wa mwanawe kila kitu. Hakuwaambia. Theresia alitoka mlangoni na tumbo lake, akalia kwa furaha, akaniita mama kwa lugha ya kwetu, "Aayo! Mmechelewa wapi?" na mama mkwe wake akasema tu kwamba dizeli ilikosekana, na kwamba amepata mwenzake wa kuongea naye mambo ya shamba. Kisha akaingia jikoni kunichemshia maji ya kuoga.

Mtoto alizaliwa katika juma lile lile, hospitali ya Nansio, mchana, salama. Ni wa kiume, kichwa kama cha Paskali. Nilimfunga shanga ya mzee wa Piyaya. Samli ilifanya kazi yake, na ngwara mkwe wangu, mama yake Magesa, alizichemsha tangu asubuhi akiziuliza kila mara kama zimelainika. Zilipoiva alikula sahani mbili akaniomba mbegu. Mimi nilikula machungwa mpaka midomo ikanichonyota. Machungwa ya kule mtu hanunui, anainua mkono.

Nilipoona Theresia amepata nguvu nikamweleza mpango wa baba yake. Hakushangaa.

"Tumeshaongea, mimi na Magesa," akasema. "Mama, wakipunguza pantoni iwe mara moja kwa juma, na nauli ipande, hatutaweza. Mshahara tunaufuata Bunda wakati mwingine, madaftari ya shule tunayafuata sisi wenyewe. Wakipunguza, tutaomba uhamisho wote wawili. Magesa amekubali kuja Karatu."

"Na wasipopunguza?"

"Wasipopunguza tunakaa. Hapa napapenda, mama. Usinikasirikie."

"Na mama yake Magesa? Mkihama?"

Theresia akamgeuza mtoto titi la pili. "Hawezi kuhama. Ana miti yake, ana makaburi yake. Hajatuomba tubaki. Hataomba."

Kwa hiyo eleweni nilivyokuwa nimekaa. Nikikaa kimya na serikali ikaondoa nauli ile, nilikuwa nimempata binti yangu, mjukuu wangu, na mkwe wangu wa kiume juu yake, bila kugombana na mtu. Sikuhitajika kufanya kitu chochote.

Siku moja nilimkuta mkwe wangu akipalilia karibu na makaburi ya familia. Moja lilikuwa dogo. Nikamwuliza. Akasema ni la binti yake, dada mkubwa wa Magesa. Aliugua kabla pantoni haijaletwa, ziwa lilikuwa limechafuka, na mwenye mtumbwi alikataa kuvuka, kwa haki, kwa sababu wangekufa wote. Walisubiri ziwa litulie. "Lilitulia," akasema, akaendelea kung'oa magugu. Jambo hili angeweza kunipiga nalo usoni pale Kisorya mbele ya watu wote. Hakufanya hivyo.

Mkutano wa shuleni

Ndugu Mwambene alizunguka vijiji vya kisiwani, mwisho akafika kijijini kwa kina Theresia. Mkutano ulifanyika kwenye darasa kubwa, watu wakajaa mpaka madirishani. Aliongea vizuri, bila kudharau mtu. Alisema hali ya nchi ni ngumu, mafuta ni ya shida, na kwamba wako wananchi wa bara wanaouliza kwa nini wao wachangie nauli ya wengine. Halafu macho yake yakanikuta.

"Na bahati nzuri yupo hapa mama mmoja kutoka Karatu, aliyesema maneno hayo mbele yangu pale Kisorya, kwa ufasaha kuliko mimi. Mama, tafadhali simama, uwaeleze na hawa."

Darasa zima likageuka. Theresia alikuwa na mtoto kwenye benchi la nyuma. Mkwe wangu alikuwa kando yangu, anaangalia mikono yake.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga la kusema.

"Ni kweli nilisema," nikaanza. "Na siyafuti. Kwetu nauli ni kamili. Nilisafiri na mzee wa Piyaya ambaye gari lao la mwisho lilikuja mwaka juzi. Huyo bado anadai haki yake, na ukirudi kwa wakubwa, ndugu afisa, wataje watu wa Piyaya na Samunge, hata kama si kazi yako."

Ndugu Mwambene akatikisa kichwa kukubali.

"Lakini mzee yule alishuka kwenye basi akatembea. Nilimwona kwa macho yangu. Watu hawa ukiwashusha watatembea wapi? Pale Kisorya nilikaa siku nzima naangalia nyumba ya binti yangu iliko, na miguu yangu mizima, na sikuweza kwenda. Wewe mwenyewe ulikaa na mimi, na gari lako, na barua zako za serikali. Kama mnataka tuwe sawa, msiwapandishie hawa nauli wafanane na sisi. Sisi ndio tushushieni tufanane nao. Nauli iacheni ilivyo. Na pantoni iende kila siku. Nimemaliza."

Nikakaa. Kelele zilizopigwa sizielezi. Kina mama walipiga vigelegele, mtoto akaamka akalia. Ndugu Mwambene alicheka, akasema amekuja kutafuta shahidi wake na shahidi amemgeuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia benchi la nyuma. Theresia alikuwa amenikazia macho. Alijua nimefanya nini.

Asubuhi tukimenya muhogo, mkwe wangu aliniuliza, "Kwa nini ulisema vile? Ungenyamaza ungewapata wote."

"Sijui," nikamjibu.

"Unajua."

"Basi najua. Lakini usiniulize, nitalia na kisu mkononi."

Akachukua kile kisu, akaendelea kumenya fungu langu na lake.

Kurudi

Kabla sijaondoka jibu lilikuwa limetangazwa kwenye mkutano wa kata. Nauli ya wenyeji inabaki ya chini, imeongezwa kidogo tu, na pantoni itaendelea kuvuka kila siku dizeli ikiwepo. Sidhani ni kwa maneno yangu. Watu wengi walisema, vijiji vingi. Ila pale Rugezi mkata tiketi hakunitoza nauli ya mgeni, akasema mkwe wangu ameshaapa mbele yake kuwa mimi ni wa nyumba yake. Nilimkatalia, nikalipa kamili. Baada ya hotuba ile ningelipaje kidogo?

Theresia, Magesa na mtoto walinisindikiza mpaka majini. Mkwe wangu yeye alivuka nami hadi Kisorya, akahakikisha nimepata lori, akanipandishia magunia ya machungwa ambayo nyote mmekula na kuniuliza kama yapo zaidi. Hayapo.

Serengeti nyumbu walikuwa wamehama, nyasi tupu. Kupanda Ngorongoro baridi ilinipiga usoni nikafurahi, nikavaa koti la Paskali, nikasikia harufu ya moshi wa kwetu ndani yake. Moyo ulikuwa umenijaa, siwezi kusema huzuni, wala siwezi kusema haikuwepo.

Paskali alikuwa kituoni Karatu. Alikuwa amepaka chokaa chumba cha Theresia, vidole bado vyeupe. Nilishuka, akanipokea mizigo, kisha akasimama anaangalia mlango wa basi. Walishuka watu wawili, akawaangalia. Konda akapiga bodi, basi likaondoka, na yeye bado anaangalia pale mlango ulipokuwa.

"Theresia yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko kwake," nikamwambia.

Akainama, akajitwisha gunia moja la machungwa, akatangulia.